Uzoefu wangu: siku nne mapangoni Dordogne, Ufaransa, nikiwa na mama

Nianze na kosa langu: sikumwambia mama kwamba Lascaux tunayokwenda kuiona si pango. Ni nakala ya pango la michoro ya kale.

Mama alikuwa amekuja kunitembelea Ubelgiji kutoka Kondoa, Tanzania, wilaya yenye michoro ya kale kwenye miamba ya Kolo. Nilipomwambia nampeleka Ufaransa shamba kuona michoro ya watu wa kale, alicheka. "Baba, mimi nimezaliwa jirani na Kolo. Michoro ndiyo unanivusha bahari nikaione?" Nikamwambia subiri, utaona. Basi tukapanda treni hadi Paris, tukahamia kituo cha Austerlitz, na baada ya saa nne na ushee tukashuka Brive, ambako nilikuwa nimekodi gari.

Hapo kwenye gari msifanye kama mimi. Ofisi niliyokodi walikataa kadi yangu ya kawaida ya benki, wakataka kadi ya mkopo ndiyo washikilie dhamana. Nilikuwa nayo kwa bahati tu. Halafu gari la otomatiki nililoagiza "halipo", nikapewa la gia za kawaida, kwa bei ileile. Aliyejifunzia udereva nyumbani anajua shughuli yake: usukani upande wa kushoto, mkono wa kulia ndio unatafuta gia, na barabara zenyewe za vijijini wakikutana wawili mmoja lazima apande kwenye majani. Mama alikuwa kimya njia nzima. Tulipofika akasema tu, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiisema moyoni tangu Brive.

Lascaux iko Montignac, kando ya mto Vézère. Vijana wanne ndio walioliingia pango tarehe 12 Septemba 1940, siku chache baada ya mmoja wao, Marcel Ravidat, kuliona tundu lake msituni. Likafunguliwa kwa watalii mwaka 1948, watu wakamiminika mpaka zaidi ya elfu moja kwa siku, na pumzi zao zikaanza kulila pango: hewa chafu, joto, unyevu, mwani wa kijani ukutani. Mwaka 1963 waziri wa utamaduni, André Malraux, akaamuru lifungwe. Tangu hapo mtu wa kawaida haingii. Wakajenga nakala ya kwanza mwaka 1983, na hii kubwa tuliyoiona sisi, inayoitwa Lascaux IV, ikafunguliwa Desemba 2016 chini ya kilima kilekile.

Tiketi ni zaidi ya yuro 20 kwa mtu mzima. Ukikata mtandaoni unachagua saa na lugha. Nilichagua Kiingereza nikawa namtafsiria mama kwa kunong'ona. Ndani ni giza na baridi kama pango kweli, maana wameiweka baridi hiyo makusudi. Mzazi wako mvalishe sweta hata kama nje ni Juni na jua linawaka. Ukumbi wa mafahali unakutoa pumzi: kuna ng'ombe mwitu mmoja pale ana zaidi ya mita 5, amechorwa kwa mistari michache tu, na anatembea. Michoro ya wanyama humo inafika kama 600, farasi ndio wengi. Jambo lililonishangaza ni kwamba mifupa iliyookotwa chini, ya chakula chao, mingi ni ya kulungu wa nchi za baridi, na kulungu huyo ukutani yumo mmoja tu. Walichokula sicho walichochora. Muongozaji alituachia hilo bila maelezo, nami nikampenda kwa hilo.

Mama alisogeza uso karibu na ukuta, akauliza, "Rangi hii haijafifia hata kidogo, kwa nini?" Ikabidi niseme. Kwamba wasanii wameipaka kwa mkono karakanani, kwamba ukuta wenyewe umefinyangwa kufuata vipimo vya pango halisi.

"Kumbe tumelipia picha ya picha?"

Watu wawili waligeuka ingawa hawajui Kiswahili.

Hata hivyo naipa nyota nne. Kazi imefanywa kwa heshima, na ule ukumbi wa mwisho, ambako vipande vya ukuta vimening'inizwa ukaweza kuvizunguka kwa nafasi yako, ndiko nilikofahamu jinsi mchoraji alivyoutumia uvimbe wa jiwe kuwa tumbo la mnyama. Ila nenda ukijua unachokwenda kuona. Na ukiwa na mtu mzima, mwambie mapema.

Kesho yake ndiyo siku iliyoilipia safari. Tulikwenda Font-de-Gaume, pembeni mwa mji wa Les Eyzies. Hili ni pango lenyewe, na michoro yenyewe ya rangi zaidi ya moja, na bado wanaingiza watu. Tiketi ni chache mno kwa siku, kwa hiyo nilikuwa nimekata wiki nyingi kabla, na bei yake ni kama nusu ya Lascaux. Mabegi mnayaacha chini, simu haipigi picha, halafu mnapanda njia ya mlima mpaka mlangoni. Mama ana miaka 67 na magoti yake si ya jana. Tulipumzika mara tatu, muongozaji akatusubiri bila kununa.

Ndani ni ujia mwembamba. Kwanza huoni kitu, unaona jiwe tu na majina ya wapuuzi wa zamani waliochora kuta kabla michoro haijatambuliwa mwaka 1901. Halafu muongozaji akashusha kurunzi, akaupitisha mwanga wake kwa ubavu, polepole, na baisani akatokea. Nyati wale wa Ulaya wenye nundu. Mgongo ni ufa wa jiwe, paja ni uvimbe wa jiwe, wekundu wa udongo umejaza katikati. Akiondoa kurunzi, hayupo.

Mbele kidogo wako kulungu wawili wanatazamana. Dume ameinama, jike amepiga magoti, na yule dume anamlamba paji la uso. Ulimi wenyewe umechongwa kwa mkwaruzo mdogo ambao usingeuona usipoonyeshwa. Sijui tulikaa pale dakika ngapi. Mama alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko, hasemi. Tulipotoka nje kwenye jua akakaa kwenye ukuta wa mawe, akafunga khanga vizuri, akasema, "Hii sasa ni ya kwao kweli." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: Kolo alipanda mara moja tu maishani, akiwa darasa la sita, na mwalimu. Miaka yote ile anapita na basi chini yake. Michoro ya Kondoa iliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, ya bonde hili la Vézère 1979, na mtoto wa Kolo na mtoto wake wote wawili wamejifunzia Ufaransa kutazama ukuta. Nimeona aibu kidogo, naandika hivyohivyo.

Kwa wenye wazazi wasioweza kupanda, iko Rouffignac: pango refu la kilomita 8 za ujia, unaingizwa na kijitreni cha umeme umekaa kitako. Humo tembo wale wenye manyoya wamejaa, na kuta zina makucha ya dubu wa kale. Mama alipenda treni kuliko tembo.

Chakula, kwa Mwislamu, kinataka macho. Mkoa huu ni wa bata na bata bukini: maini yao, mapaja yao, na hata viazi vya kukaanga wanavikaangia mafuta yao, kwa hiyo ukiona viazi "vya Sarlat" kwenye orodha usidhani umepona. Uliza. Sisi tuliishi kwa samaki wa mtoni, kimanda cha uyoga, jibini ndogo ya mbuzi, mkate wa kokwa za jozi na stroberi za soko la Sarlat la Jumamosi, na hatukulala njaa. Ila saa sita mchana kijiji kinakufa. Duka, benki, duka la mkate, vyote vinafungwa mpaka saa nane. Siku ya kwanza tulikula biskuti ndani ya gari.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya mawe, katikati ya mijozi, na mwenyewe alituwekea chupa ya mafuta ya jozi mezani. Lakini tangi la maji ya moto lilitosha kuoga mtu mmoja na nusu. Mimi nilikuwa yule nusu.

Mto Dordogne wengi huushuka kwa mtumbwi wa kukodi, wakikuokota kwa basi dogo huko chini. Mama alikataa katakata, tukapanda gabare pale La Roque-Gageac, mashua bapa mfano wa zile zilizokuwa zikipeleka mbao na mvinyo Bordeaux. Saa nzima, kwenda na kurudi, mashua inakupitisha chini ya majabali ya chokaa, na ngome ya Castelnaud inajitokeza juu ya mlima. Ng'ambo yake iko ya Beynac. Wakati wa Vita vya Miaka Mia Castelnaud ilikuwa upande wa Waingereza, Beynac upande wa Wafaransa, zikitazamana kama majirani waliogombania mpaka wa shamba. Juu yetu mwewe weusi walikuwa wanazunguka. Hao majira ya joto yakiisha hurudi kwetu Afrika. Mama akasema, "Wakwapuzi wa vifaranga, kumbe likizo wanakuja huku."

Ngome za vita sikuona haja ya kuzilipia, nje zinatosha. Kasri la Milandes lilipie. Josephine Baker, Mmarekani mweusi aliyecheza Paris na sketi ya ndizi, alilinunua mwaka 1947, akalelea humo watoto 12 aliowaasili kutoka kila upande wa dunia. Wakati wa vita ya pili alikuwa akiwabebea Wafaransa siri kwenye karatasi za muziki, kwa wino usioonekana. Madeni yakamtoa, kuna picha yake ya mwaka 1969, ameketi kwenye ngazi za mlango wa jikoni, amefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Mama aliitazama kuliko nguo zote za kumeta. Mwaka 2021 wakampa heshima ya Panthéon Paris, jumba wanamoenziwa watu wakuu wa Ufaransa, mwanamke mweusi wa kwanza, na kwenye jeneza wakaweka udongo wa hapa pia.

Jioni ya mwisho mama alimpigia mama mdogo simu ya video. Nilidhani atamwonyesha ngome. Akamwonyesha kwanza migomba ya La Roque-Gageac, iliyopandwa chini ya jabali linalohifadhi joto: "Ona, migomba ya Wazungu, haina hata mkungu." Kisha mama mdogo akauliza, na hayo mapango? Picha hakuna, mama akasema, wamekataza. Akaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya jozi, akapiga magoti kwenye zulia la watu, magoti yale yale mabovu, akaniita: "Baba, njoo uiname hapa, nimwonyeshe."