Kati ya wanamieleka waliogeuka waigizaji wa filamu, Mazurki au Sakata, nani mkali?

Kwa umaarufu Sakata, kwa uigizaji mimi Mazurki bila kufikiria mara mbili. Harold Sakata, mzaliwa wa Hawaii, alishachukua medali ya fedha ya kunyanyua vyuma Olimpiki ya London 1948, akaingia mieleka, halafu 1964 akapewa nafasi ya Oddjob, mtu wa kazi wa adui kwenye Goldfinger, filamu ya James Bond, jamaa haongei kitu, anarusha tu ile kofia yenye ukingo wa chuma inakata kichwa cha sanamu, basi dunia nzima ikamjua. Ila ndo hivyo, Oddjob ikamganda. Mike Mazurki naye katoka mieleka, ana lile lisura tu, ila kama Moose Malloy kwenye filamu ya Murder, My Sweet mwaka 1944 anamsaka demu wake Velma mpaka unamwogopa huku unamwonea huruma.