Upasuaji wa tezi za kwapa: swali nililouliza kabla ya kusaini

Nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi miezi kadhaa iliyopita, na kila nilipotaka kuandika habari zake hasira ilinizidi nikaacha. Leo asubuhi nimeshindwa kufunga kifungo cha mkono wa kulia wa blauzi, ilhali cha kushoto kimefungwa bila taabu, nikaona sasa niseme.

Uvimbe wangu haukufika sentimita 3, na kwapani, kwa kupapaswa na hata kwa ultrasaundi, hakukuonekana tezi yenye dalili mbaya. Nilivyoelewa, wangeondoa uvimbe tu, titi libaki, baadaye nipate mionzi, na kwapani wachunguze tezi mlinzi, yaani zile tezi chache za limfu ambazo majimaji ya titi huzifikia kwanza. Siku ya upasuaji nilichomwa karibu na chuchu sindano ya dawa yenye mnururisho, ambayo huunguza kwa muda mfupi kisha maumivu yanatulia. Mhudumu aliyenichoma alinieleza kwamba dawa ile, pamoja na rangi ya buluu nitakayowekewa nikiwa nimelala, zitapita njia ambayo seli za saratani zingeipita, na kwamba mpasuaji ataitafuta tezi iliyoshika rangi au ile inayokifanya kifaa chake kilie. Aliniambia pia kuwa mkojo ungetoka wa kijani au wa buluu, nisishtuke. Ulitoka hivyo kweli, nami sikushtuka. Maelezo yake yote hayakuchukua dakika tano, na ndiyo maana siwezi kukubali lililofuata.

Fomu ya ridhaa niliipata nikiwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, miwani yangu ikiwa imeshachukuliwa. Nilimwomba daktari anisomee. Alisoma haraka, akafika mahali palipoandikwa kwamba wataondoa na tezi nyingine za kwapa ikibidi. Nikamuuliza, "Daktari, itabidi lini? Mkikuta saratani kwenye tezi moja tu, mtatoa zote?" Hakuinua macho. Alisema, "Mama, hayo ni ya kitaalamu. Saini, tunachelewa." Akaniwekea kalamu mkononi, na mimi, kwa hofu ya kuonekana mkorofi mbele ya mtu atakayenipasua, nikasaini pale kidole chake kilipoonyesha.

Nilizinduka na mrija wa kutolea majimaji ukining'inia ubavuni. Tezi zilipimwa maabara nikiwa bado usingizini, moja ikakutwa na saratani, wakaendelea kusafisha kwapa. Tezi 17 ziliondolewa. Yenye saratani ilikuwa ileile moja.

Niliyoyasoma baadaye ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Uko utafiti wa Marekani unaojulikana kwa jina la Z0011, uliowahusisha wanawake 891 wenye hali inayokaribia kabisa yangu: uvimbe usiozidi sentimita 5, titi limehifadhiwa, mionzi ya titi zima, saratani kwenye tezi mlinzi 1 au 2. Matokeo ya miaka 10, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kuwa walioachiwa tezi zilizobaki hawakuishi muda mfupi kuliko waliosafishwa kwapa. Kuhusu mkono kuvimba kwa kukwama limfu, baada ya kusafishwa kwapa humpata takribani mwanamke 1 kati ya 5, na baada ya kuondolewa tezi mlinzi pekee ni takribani 1 kati ya 20. Swali langu pale mlangoni, kumbe, halikuwa la kijinga hata kidogo.

Nakiri kwamba huenda daktari alikuwa na sababu. Huenda saratani ilikuwa imelipasua ganda la tezi ile, au aliona jambo jingine ambalo mimi nisingeliona. Nakiri pia kwamba kidonda kilipona vizuri, titi langu lipo, na wauguzi wa wodini walinihudumia kwa upole ambao sitausahau. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia wanawake wenzangu wasifike pale, na sasa naona nisingewatendea haki wauguzi wale, wala yule mhudumu wa sindano.

Lakini kila nikiukunja mkono nausikia uzito wake, na ngozi ya upande wa ndani, kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, imekufa ganzi kwa sababu neva inayopita kwapani iliguswa. Nilipokwenda kwa ukaguzi wa kidonda nilimwuliza tena daktari yuleyule kwa nini hakuishia kwenye tezi mlinzi, akajibu kwamba nishukuru nimepona. Nashukuru, na Mungu anajua. Ila sikuuliza kama nimepona, niliuliza kuhusu kwapa langu, na sababu yake, kama ipo, bado anayo yeye.

Kwa hiyo nabadilisha nilichosema hapo juu. Wauguzi nawasifu kwa moyo wote, ila kwa daktari yule simpeleki ndugu yangu yeyote. Nimeomba kwa maandishi nakala ya ripoti ya upasuaji na ya maabara, na hadi leo sijapewa.