SMS za pamoja kwa wazee wa kanisa Tanga: zinafika, ila hazirudi

Kwa parokia au usharika wa Tanga mjini wenye wazee mia moja hivi, waliotawanyika kuanzia Chumbageni na Ngamiani hadi Makorora, Mikanjuni na kule Pongwe, hakuna njia nafuu ya kufikisha tangazo siku hiyohiyo kuizidi huduma ya SMS za pamoja. Tunaipa alama 7 kati ya 10. Tatu tumezikata kwa sababu moja kubwa: meseji inakwenda lakini hairudi. Mzee akiisoma, hawezi kuijibu. Akiwa hajaielewa, au amelazwa, au simu yake iko kwa mjukuu aliyehamia Dar, kanisa halitajua. Wanaoinunua wakidhani wamemaliza kazi ya kuwatunza wazee watajikuta wanatuma matangazo miezi sita kwa watu ambao theluthi yao hawayaoni.

Tuanze na inavyofanya kazi, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Kanisa linafungua akaunti kwa kampuni inayouza huduma hii, linaomba jina la mtumaji, linapakia orodha ya namba, linanunua SMS kwa idadi, kisha linaandika na kutuma kwa kompyuta. Kwa jina la mtumaji huombwa barua ya kanisa yenye muhuri, na huchukua siku kadhaa kukubaliwa, kwa hiyo msisubiri wiki ya Kwaresima ndipo muombe. Jina halizidi herufi 11, nafasi ikihesabiwa. "KANISA LETU" linaingia barabara. "PAROKIA YETU" lina 12, halipiti. Chagueni jina ambalo mzee akiliona kwenye kioo kidogo atajua ni nyumbani kwake, sio kifupisho cha kamati.

Orodha ya namba ndiyo inayoharibika kuliko kitu kingine. Namba iandikwe kwa kuanza na 255, kisha tarakimu tisa, bila sifuri ya mbele. Mkiiandika kwenye Excel bila kuigeuza safu iwe ya maandishi kwanza, namba ya 07 itapoteza sifuri yake, na ile ya 255 itaonekana kama 2.55712E+11. Katibu akiihifadhi hivyo na kuipakia, nusu ya orodha inaweza kukataliwa, na salio likaonekana limebaki mpaka mtu adhani mfumo umeharibika. Dawa yake ni ya dakika moja: chagua safu nzima, weka muundo wa maandishi, ndipo uanze kuandika.

Kisha urefu. SMS moja ya herufi za kawaida hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ikizidi hapo hukatwa vipande vya 153, na kila kipande kinalipiwa. Watu wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba alama moja tu isiyo ya kawaida, iwe picha ya mikono iliyokunjwa kuomba au zile alama za kunukuu zilizopinda ambazo Word huziweka yenyewe, hushusha kiwango hadi herufi 70 kwa SMS moja, na 67 kwa kipande zikiwa nyingi. Piga hesabu: tangazo la herufi 150 kwa wazee 120 ni SMS 120. Likiwekwa picha moja ya mikono linakuwa vipande vitatu, yaani SMS 360. Mkiuziwa kwa shilingi 20 kila moja, shilingi 2,400 zimekuwa 7,200. Na kwenye simu ya batani ile picha huenda isionekane kabisa. Kinachotokea ni kisanduku kitupu. Andikeni moja kwa moja kwenye ukurasa wa kutuma meseji, msinakili kutoka Word wala WhatsApp.

Huu ni mfano unaofaa, wenye herufi 121:

"Ibada ya wazee: Alhamisi 21 Mei saa 4 asubuhi, kanisani. Bajaji itapita Makorora saa 3. Swali? Piga 07XXXXXXXX Katekista."

Angalieni saa. Imeandikwa kwa Kiswahili, saa 4 asubuhi. Katibu kijana aliyezoea kompyuta ataandika 10:00, na bibi wa miaka 78 ataisoma saa kumi. Atafika jioni, mlango umefungwa. Kosa hili ni la kawaida mno, na linaumiza kwa sababu mzee hulaumu kumbukumbu yake mwenyewe, hamlaumu aliyeandika. Siku ya wiki nayo iwepo pamoja na tarehe, kwani wengi huhesabu kwa siku. Na kama kuna usafiri, utajwe kwenye meseji ileile. Mzee wa Pongwe haulizi ibada ni lini kabla ya kujiuliza atafikaje.

Muda wa kutuma: meseji ya kwanza siku tatu kabla, ya pili siku moja kabla, zote kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni. Usiku mzee akisikia simu inalia hudhani kuna msiba.

Sasa upande wa simu yenyewe, maana huduma nzuri inaishia pale kitochi kilipoishia. Sanduku la meseji la simu nyingi za batani hubeba meseji chache, nalo limejaa matangazo ya mitandao. Likijaa, meseji mpya hungoja kwenye mtandao kwa muda, kisha hufutwa bila mtu kuambiwa. Kwenye simu kadhaa za Nokia utaona kibahasha kinawaka na kuzima juu ya kioo. Hiyo ndiyo dalili yake. Anayemtembelea mzee amfutie za matangazo kila mwezi, akimwuliza kwanza, kwa sababu katikati ya takataka hizo kuna meseji ya mtoto wake ya miaka mitatu nyuma ambayo hataki ipotee.

La pili ni kimya cha bahati mbaya. Simu nyingi za Nokia ukibonyeza alama ya reli (#) kwa sekunde chache zinaingia hali ya kimya. Mzee akiiweka mfukoni au chini ya mto bila kuifunga, inajibonyeza. Wiki nzima watu watasema "Babu hapokei simu siku hizi", kumbe hajaisikia. Bonyeza tena vilevile, mlio unarudi. Na mlio wenyewe uwe mzito. Masikio yanapozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo ule mlio mkali wa kiwandani mwenye miaka 80 anaweza asiusikie akiwa chumba cha pili, wakati mlio wa chini anausikia vizuri hata ukiwa si wa kelele.

La tatu, betri. Ile BL-5C inayotumika kwenye vitochi vingi huvimba ikichoka. Itoe, ilaze mezani, izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia ya watoto, imevimba na haifai tena. Betri ya namna hiyo huonyesha imejaa asubuhi na kuzima ghafla ikipokea simu, na ripoti ya kampuni itasema meseji "inasubiri" mpaka muda wake uishe.

Tukizungumzia ripoti: kila mkituma, kompyuta hutoa orodha ya zilizofika, zinazosubiri na zilizoshindikana. Ifunguliwe, isomwe. "Imefika" maana yake imeingia kwenye simu tu. Haina maana kwamba imesomwa. "Imeshindikana" mara mbili mfululizo kwa namba ileile maana yake mtu aende akabishe hodi. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, na baadaye namba huuzwa kwa mwingine. Yupo mgeni kabisa anayepokea habari za wagonjwa wenu. Hilo si la kupuuzwa, kwani tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, ugonjwa wa mtu si habari ya kurusha kwa watu 120. Mzee akilazwa hospitali ya Bombo, ruhusa yake itafutwe kwanza, na meseji iseme anaomba kutembelewa, isitaje anaumwa nini.

Njia ya kurudi ndiyo hii: bipu. Haigharimu kitu, na kila mzee anaijua. Gaweni orodha kwa jumuiya, kila jumuiya iwe na mpigaji mmoja mwenye wazee 10 hadi 12, wasizidi 15. Namba inayoandikwa mwishoni mwa meseji iwe ya huyo mpigaji, si ya ofisi. Makubaliano ni mepesi: bipu moja, nimeipata na nitakuja, bipu mbili, nipigie. Asiyebipu hadi jioni ya siku ya pili anapigiwa. Asiyepokea anatembelewa kesho yake. Mpigaji ahifadhiwe kwenye kitufe namba 2 cha simu ya mzee, kwa sababu kwenye simu nyingi namba 1 imeshikwa na huduma ya ujumbe wa sauti. Mzee akishikilia 2 kwa muda, simu inakwenda; hahitaji kutafuta jina wala kuvaa miwani. Ikiwa simu ni ya laini mbili, hakikisheni inapigia laini yenye salio, la sivyo bipu haitoki.

Kwa msiba, bipu hazitoshi. Tumeni SMS na wapigaji wapige papo hapo. Mzee wa Makorora akisikia msiba wa rafiki yake wa Duga siku ya tatu, matanga yameshaanuliwa, ameshapoteza kitu ambacho hakuna tangazo la Jumapili litakalomrudishia.

Wapo wasiosoma, au wenye mtoto wa jicho. Sera ya Taifa ya Wazee inamwita mzee yeyote mwenye miaka 60 na kuendelea, na kati ya mwenye 62 anayetumia WhatsApp na mwenye 88 asiyeona kuna umbali mkubwa, kwa hiyo orodha moja haitoshi. Baadhi ya kampuni huuza pia simu ya sauti iliyorekodiwa: mfumo unapiga, mzee anapokea na kusikiliza. Ni ghali zaidi, ila kwa hao 20 au 30 ni bora kuliko SMS yoyote. Irekodiwe kwa sauti ya mtu wanayemjua, sekunde 30 hadi 40, polepole, na maneno ya siku na saa yarudiwe mara mbili. Ianze "Shikamoo", kisha "Tumsifu Yesu Kristo" au "Bwana Yesu asifiwe", halafu iachwe sekunde tatu za kimya. Hizo sekunde ni muhimu. Mzee ataitikia "Marahaba" na "Milele, amina" kwa sababu anaongea na mtu, na rekodi isiyosubiri humpita ikiwa imeshataja siku.

Kundi la WhatsApp halichukui nafasi ya haya. Linawafaa wenye simu janja na bando, hasa kwa ujumbe wa sauti na picha za mgonjwa aliyepona, lakini baada ya wiki mbili tangazo la ibada linakuwa limezikwa chini ya salamu za asubuhi zilizosambazwa. Na WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye vile vitochi vyenye intaneti, vya mfumo wa KaiOS, mwanzoni mwa 2025, kwa hiyo wazee walionunuliwa simu hizo na watoto wao kwa ajili ya kundi wametolewa bila kujua. Karatasi ya A4 yenye herufi za ukubwa wa 18, wino mweusi, karatasi isiyong'aa, ikipelekwa kwenye jumuiya bado inafanya kazi nzuri. Maneno yasiwe herufi kubwa tupu, yanachosha jicho.

Jambo moja linaua huduma hii kuliko betri zote zilizovimba: michango. Meseji ya kwanza ahadi, ya pili mavuno, ya tatu ujenzi, na mzee anaacha kufungua. Katika kila meseji nne, ya fedha isizidi moja. Na namba ya kupokelea hela isiandikwe kamwe kwenye SMS ya wazee. Wameshapokea "ile hela itume kwenye namba hii" mara nyingi mno, na siku tapeli atakapojiita jina la kanisa, kinga yao pekee itakuwa kwamba kanisa halijawahi kuwaandikia namba ya hela kwenye SMS. Wafundisheni pia kwamba meseji ya kitapeli hutumwa kwenda 15040, au mpigaji wa jumuiya awasaidie kuituma.

Nani ainunue? Kanisa lenye wazee zaidi ya 50 na wapigaji walio tayari. Mkiwa na wazee 20, msinunue; watu wawili wenye salio na baiskeli wanatosha, na Tanga baiskeli hazijawahi kuadimika. Mkishanunua, orodha ipitiwe kila miezi mitatu, na mzee akifariki namba yake itolewe siku hiyohiyo, kabla ya tangazo linalofuata. Simu ile sasa iko kwenye meza ya mjane wake, na inapolia yeye ndiye anayeifungua.