Kituo cha kulaza wanyama: kwa mbwa sina shaka, kwa paka bado

Mbwa wangu nitamrudisha pale bila kusita. Paka, hapana, si kwa chumba walichonacho sasa. Naeleza kwa kirefu kwa sababu ukitafuta pa kumwacha mnyama unaposafiri utaonyeshwa picha za nyasi na mbwa wanaokimbizana, na mambo yatakayoamua kama mnyama wako atarudi mzima hayapigwi picha.

Walinivuta tangu kwenye simu. Dada aliyepokea hakuanza na bei wala nafasi, alianza na chanjo. Kichaa cha mbwa, kisha parvo na distempa, magonjwa mengine ya virusi yanayoua mbwa, kila moja na tarehe yake. Alipofika kwenye chanjo ya kikohozi cha mbwa alisisitiza nisingoje siku ya kuamkia safari, maana kinga huchukua siku kadhaa kujijenga, na wao hawampokei mbwa aliyechanjwa jana. Kuna watakaoona ni usumbufu. Mimi moyo ulitulia: anayenibana mimi mgeni atakuwa amembana na mwenye mbwa wa banda la jirani, na mbwa wetu hao wawili ndio watakaovuta hewa moja. Kikohozi hicho huenea kwa hewa, na mbwa anaweza kuwa nacho kwa siku kadhaa kabla hajakohoa hata mara moja. Kumkagua mlangoni hakutoshi.

Niliomba kwenda kupaona kabla, wakaniambia nije muda wowote wa kazi. Kituo kikikataa usione wanapolala wanyama, achana nacho hapohapo. Nilikuta usafi unaendelea, nikasimama kutazama. Kijana wa zamu alimtoa mbwa kwanza akampeleka uani. Akazoa kinyesi, akasugua sakafu kwa sabuni, akasuuza, ndipo akamwaga maji ya klorini na kuyaacha yakae huku akihamia banda lingine. Baadaye alirudi kusuuza tena, akangoja pakauke. Nilimuuliza kwa nini asimwage klorini moja kwa moja. "Penye uchafu dawa haishiki," akanijibu, wala hakuacha kusugua. Ni kweli kabisa. Virusi vya parvo hukaa kwenye mazingira kwa miezi, na sabuni nyingi za kawaida haviziogopi. Kituo chenye kijana anayejua hilo kimenizidi mimi kwa mbali katika kumlinda mbwa wangu.

Walishauri alale usiku mmoja wa majaribio kabla ya safari yenyewe. Asubuhi yake nilipokwenda kumchukua, waliniambia alikunywa maji vizuri, lakini chakula cha jioni hakukigusa, akaja kula kulipokucha. Ingekuwa rahisi kuniambia hakuwa na tatizo lolote. Tangu hapo kila walichoniambia nilikiamini.

Kwa upande wa maandalizi, chakula nilibeba kilekile anachokula nyumbani, nimekipima na kukifunga mlo kwa mlo. Ukimbadilishia mbwa chakula ghafla, tena yuko ugenini na ana wasiwasi, kuharisha ni jambo la kutarajia. Dawa zake zilikwenda ndani ya chupa zake zenye maelekezo ya daktari. Nilimwekea na fulana niliyoivaa, haijafuliwa, apate harufu ya nyumbani. Ila kilichonipendeza zaidi ni fomu yao. Pamoja na simu ya daktari wangu wa mifugo, ilitaka jina la mtu wa karibu anayeweza kuamua kwa niaba yangu, na kiwango cha fedha wanachoruhusiwa kutumia kwa matibabu nikiwa sipatikani. Mnyama akiugua usiku na wewe uko safarini, karatasi hiyo ndiyo inayomfikisha hospitali. Kama kituo chako hakina fomu ya namna hiyo, iandike mwenyewe, weka sahihi, uwaachie.

Sasa paka. Chumba chao ni kisafi, lakini kimetenganishwa na mabanda ya mbwa kwa mlango mmoja tu, na kubweka kunapenya. Tena vizimba ni vya chini, hakuna rafu ya kupanda, na paka mwenye hofu hutafuta juu au hutafuta pa kujificha. Wangu alijikunyata kwenye boksi akagoma kula. Paka kugoma kula si la kupuuzwa: akikaa siku mbili tatu bila chakula, hasa kama ni mnene, ini lake linaweza kujaa mafuta na akaugua sana. Nashukuru waliliona mapema. Walinipigia asubuhi ya pili, wakamhamishia ofisini kwenye utulivu, wakampashia chakula chake moto kidogo ili kitoe harufu, na jioni yake akala. Walimhudumia vizuri sana, na nawasifu kwa hilo. Lakini asingehitaji kuokolewa kama chumba kingekuwa mahali pake.

Mbwa alirudi amechoka na sauti imekauka kwa kubweka, hana kupe wala kiroboto, uzito ni uleule. Nilimwangalia kwa wiki mbili kama atakohoa, hakukohoa. Walinipa na karatasi ya siku zake zote, lini alikula, lini alipata choo, dawa alipewa saa ngapi na nani. Ile karatasi naithamini kuliko picha walizokuwa wakinitumia.

Kwa safari ijayo nimeshamwekea mbwa nafasi. Paka atabaki nyumbani, na mtu anayemjua atakuja asubuhi na jioni kumlisha, kumsafishia na kukaa naye kidogo. Meneja nimemweleza hayo ana kwa ana, kwamba chumba cha paka kihamishiwe upande wa pili wa jengo na kiwekewe rafu. Aliandika yote, akasema upande huo kuna stoo inayoweza kuondolewa. Ikiondolewa nitakwenda kupaona, kisha nitaongeza maelezo hapa.