Lancaster ya karatasi, skeli 1:33: uzoefu wangu

Kwa mpenzi wa ndege za vita mwenye subira, hii naipendekeza kwa moyo wote. Ila tafuta kwanza mahali pa kuiweka. Lancaster halisi, ndege ya mabomu ya Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilikuwa na mabawa ya mita 31, kwa hiyo hii ikikamilika ni sentimita 94 kutoka ncha hadi ncha.

Kitabu cha vipande nilikiagiza Poland, na ndege iliyochapwa humo ina alama za kikosi nambari 300 cha Wapolandi, kilichorusha Lancaster kutoka Uingereza kuanzia 1944: herufi BH ubavuni, na miraba midogo myeupe na myekundu puani. Tumbo ni jeusi, mgongo kijani na kahawia, na rangi haichujuki ukiigusa kwa kidole chenye gundi. Maelekezo ni ya Kipolandi, lakini michoro inatosha.

Utamu wenyewe uko kwenye mifupa. Unabandika fremu juu ya kadibodi ya milimita 1, unakata kwa wembe, halafu unapitisha mihimili miwili ya bawa ndani ya bodi, upande mmoja hadi wa pili. Hata ndege ya kweli iliundwa hivyo. Chini kulikuwa na chumba cha mabomu cha mita 10 hivi, kirefu bila kizuizi, na juu yake mihimili ikakatiza njia ya watu. Wanajeshi saba, na manguo yao mazito, walilazimika kuiparamia hata ndege ikiwaka moto. Hilo nilikuwa nimelisoma tu. Nilipouchomeka mhimili wa mbele nikaona upenyo uliobaki juu yake, nilinyamaza kidogo. Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573 vitani.

Kazi ngumu ni vifuniko vya injini nne za Merlin. Pua ya kila kimoja imekatwa vipande vyembamba vinavyopaswa kukutana bila mwanya. Kila kipande nilikikunja kwanza kwenye sindano ya kufumia, nikapaka rangi ya maji kwenye kingo, maana karatasi ikikatwa ukingo hubaki mweupe na mshono unaonekana toka mbali.

Kasoro ipo. Pale bawa linapokutana na bodi, ngozi imepungua kama milimita moja pande zote mbili. Niliziba kwa vipande vya rangi vilivyobaki pembeni mwa kurasa. Vioo navyo umepewa ramani tu, na kuba la mlenga mabomu halikunjiki kwa plastiki bapa. Nunua vioo vilivyofinyangwa tayari, vinauzwa kando, pamoja na fremu zilizokatwa kwa leza kama mkono wako hauna nguvu ya kadibodi.

Na kama hujawahi kuunda ndege ya karatasi, anza na ya injini moja, Hurricane au Spitfire.