Kliniki ya viungo niliyotibiwa paja: nyota moja, au mbili, sijui

Niseme mapema kwamba paja limepona, ili asije mtu akanijibu "sasa unalalamika nini?" Nimepona, na hasira haijaisha.

Nakimbia mita 400, niko kidato cha tano hapa Arusha. Nyama za paja la kushoto, kwa nyuma, zilichanika mazoezini wakati UMISSETA ya mkoa, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inanukia. Aliyewahi kuumia pale anajua: hujagongana na mtu, hujateleza, unatoka kwenye kona unafungua mguu, mara kitu kinakatika ndani kama mpira wa manati. Kocha alinifunga bandeji, akaniwekea barafu za ubuyu kutoka dukani maana ndizo zilizokuwepo, akaniambia neno moja tu: asikuchue mtu siku hizi za mwanzo. Hospitali wakasema daraja la pili, yaani nyuzi zimechanika kiasi, hazijaachana zote. Nikaandikiwa niende fiziotherapia. Hapo ndipo tukaipata hii kliniki, ambayo jina lake siliandiki kwa kuwa mama amenikataza.

Dada wa mapokezi hakutaka kusikia habari ya kulipa siku kwa siku. Ni kifurushi, unalipa chote kabla hujaguswa. Mama akahesabu hela, tukakaa kwenye benchi chini ya kalenda ya mwaka juzi. Hayo yote ningesamehe.

Mtaalamu akaingia na simu kaibana kati ya sikio na bega. Salamu zetu aliziitikia kwa nyusi. Kumbe ananunua vifaranga. Akanionyesha kitanda kwa kidole, nikalala kifudifudi, akauliza "Wapi?" na kabla sijajibu kashaona mwenyewe. Kaona nini? Damu iliyovilia nyuma ya goti, zambarau, pembeni imeanza njano. Sasa kila mkimbiaji anajua kwamba paja likichanika damu huteremka, weusi unatokea chini huku jeraha lenyewe liko juu. Yeye akaweka kiwiko pale penye weusi, akaegemea na uzito wake wote.

"Dokta, naumia, na siyo hapo."

"Vumilia, si mwanariadha wewe?" Halafu kwenye simu: "Hapana, siyo wewe, kuna kabinti hapa. Enhe, hao wa siku moja unauzaje?"

Ka-binti! Nikabaki nasikiliza bei ya vifaranga, chanjo yao, nani atabeba usafiri, mpaka nikajua biashara nzima. Paja langu hakulijua. Hakunikunja goti, hakulinganisha mguu huu na ule, hata karatasi ya hospitali haikufunguliwa.

Alipomaliza, mama akamuuliza kwa adabu zote, "Samahani dokta, huyu atarudi mbio lini?" Akawa anafuta mafuta mikononi. "Mama, mtoto wa kike huyu, mbio za nini? Si asome tu."

Mama yangu anauza ndizi soko la Kilombero, kunyamaza si fani yake. Siku ile alinyamaza mpaka tukafika nyumbani. Mimi usiku sikulala, na sijui kama ni paja au ni yale maneno. Nilikuwa tayari kuandika hapa: nyota sifuri, msiende, wauza vifaranga wale.

Tulirudi kwa sababu hela ilikuwa kule, basi. Yule bwana hakuwepo. Alikuwepo dada mmoja mwanafunzi, yuko kwenye mafunzo ya vitendo, wakampa mimi kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Akasoma karatasi. Akanibonyeza taratibu kuanzia kwenye kalio kushuka mpaka akapata penyewe, juu kabisa, mbali na goti. Akaniambia nikunje goti huku yeye anazuia kisigino kwa mkono, kushoto kisha kulia, mimi mwenyewe nikasikia tofauti. Ndipo akanieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza: msuli huu huumia ukiwa unarefuka na kukaza kwa wakati mmoja, pale unapotupa mguu mbele kabla haujagusa chini. Kwa hiyo haujengwi kwa kuchuliwa, unajengwa kwa kufundishwa kukaza huku unarefuka. Tukaanza na kulala chali na kuinua kiuno. Baadaye sana ndiyo likaja lile la kupiga magoti, mtu anakushika vifundo, unateremka mbele polepole mwili umenyooka mpaka mikono inagusa chini. Nyumbani mdogo wangu alikuwa ananikalia vifundo huku anacheza gemu.

Akanikataza pia kurudi kwa pupa. Wengi huumia tena wiki za mwanzo baada ya kurudi, kwa sababu maumivu huondoka kabla nguvu haijarudi. Akanitajia Usain Bolt, London 2017, mbio zake za mwisho za kupokezana vijiti, alianguka kwa paja la kushoto kama langu. Nilicheka. Ni faraja ya ajabu, lakini ni faraja.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilisema moja. Lakini huyu dada ni wa kliniki hiyohiyo, kitanda kilekile, hela ileile. Basi tatu. Tatu? Hapana, maana juzi kwenye risiti ya mwisho nimekuta sahihi ya yule bwana kwenye kila siku niliyohudumiwa na dada, kana kwamba ni yeye aliyehangaika na mguu wangu. Mwenzake hajaandikwa popote. Rudisheni mbili, na zote mbili ni za yule dada.

Mafunzo yake yanaisha mwezi ujao. Mkiwa na paja bovu, wahini, na mkifika mapokezi msitoe hela kabla hawajawaambia nani yuko zamu.