Gari la Waya, Mwanasesere wa Mgomba na Bao la Omweso: Vitu Vitatu Vilivyopimwa na Babu na Bibi

Mwezi uliopita nilikuwa Kampala kikazi, na kabla ya kupanda taksi ya kurudi Jinja niliingia katika duka moja la kazi za mikono katikati ya jiji, nikanunua vitu vitatu: gari la waya kwa shilingi 30,000, mwanasesere wa maganda ya mgomba kwa shilingi 20,000, na bao la omweso la kukunjwa, pamoja na kete zake, kwa shilingi 70,000. Vyote nilimkusudia mwanangu wa miaka sita. Lakini siku hiyo mtoto alikuwa Walukuba, mtaa wa Jinja, kwa wazazi wangu, na nilipovitoa mfukoni, mtoto hakuwahi kuvigusa. Babu yake alilichukua gari, bibi yake akamchukua mwanasesere, na kwa muda wa kama robo saa hakuna aliyemsemesha mwenzake. Kwa kuwa wote wawili walivitengeneza na kuvichezea vitu vya namna hiyo kabla hawajajua kusoma, nimeona hukumu yao ina uzito kuliko yangu, na hapa ninaieleza pamoja na yale niliyoyaona mwenyewe katika majuma matatu ya matumizi.

Naanza na gari, kwa sababu ndilo lililozua mazungumzo marefu zaidi. Babu alizaliwa mwaka 1946. Baba yake alikuwa kibarua katika ujenzi wa bwawa la umeme la Owen Falls, hapo Jinja, ambalo leo tunaliita Nalubaale na ambalo Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alilizindua mwezi wa Aprili 1954. Wakubwa walizungumzia umeme. Watoto wa vibarua walizungumzia vipande vya waya vilivyokuwa vikitupwa. Babu anasema wavulana waliviokota, wakavinyoosha kwa kuvigonga juu ya jiwe, wakaunda malori yaliyofanana na yale yaliyopita mbele yao yakiwa yamebeba saruji. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya makopo ya kiwi, na viungo vilifungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Usukani ulikuwa duara la waya kwenye ncha ya fimbo ndefu iliyomfikia mtoto kifuani, ili aliendeshe gari huku akikimbia nyuma yake, na gari lisiloweza kukata kona halikuhesabiwa kuwa gari.

Ndiyo maana jambo la kwanza alilolifanya Babu lilikuwa kuliweka gari langu sakafuni na kuuzungusha usukani upande wa kushoto. Magurudumu ya mbele hayakugeuka. Aliuzungusha upande wa kulia, hayakugeuka vilevile. Alilipindua, akavaa miwani, akalichunguza kwa muda.

“Hili halijaendeshwa na mtu,” akasema. “Aliyelitengeneza ana mkono mzuri, mwanangu, lakini hakulitoa nje.”

Niliinama nikaona anachokisema. Kazi ya bodi ni safi mno: waya ni wa unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, milango miwili inafunguka na kufunga, nyuma kuna ngazi ndogo, na hata kioo cha taa ya mbele kimewekewa wavu uliosokotwa kwa waya mwembamba kama uzi. Hata hivyo fimbo ya usukani ilikuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye fremu badala ya kuunganishwa na ekseli ya mbele, na rangi nyekundu iliyopuliziwa baada ya kazi kwisha ilikuwa imeingia kwenye ekseli ya nyuma ikayagandisha magurudumu. Lilikuwa gari la kukaa juu ya kabati. Wateja wengi wa maduka ya aina hii ni watalii, na mtalii akishalifunga gari kwenye begi halikimbizi tena popote. Fundi anayeishi kwa mauzo hujifunza kutumia muda wake kwenye kile kitakachotazamwa, na kwa hilo simlaumu. Lakini mimi niliuziwa kitu cha kuchezea mtoto, na kwa kipimo hicho gari, kama lilivyotoka dukani, halikufaulu.

Babu hakutaka nilirudishe. Alitafuta koleo, akakata pale palipochomelewa, akaipinda ncha ya fimbo kuwa kulabu na kuinasa kwenye ekseli ya mbele, kisha akaikaza kwa kipande cha tyubu alichopewa na fundi baiskeli wa mtaani. Ekseli ya nyuma aliikwangua rangi kwa kisu, akaipaka mafuta ya kupikia. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima wa Jumamosi, na chai aliyowekewa saa tisa aliinywa saa kumi na mbili ikiwa imepoa. Jioni hiyo mwanangu alilikimbiza gari kuanzia mlangoni petu hadi kwenye mwembe ulio mwisho wa safu ya nyumba, na Babu, ambaye goti la kulia linamsumbua tangu mwaka juzi, alimfuata akimweleza namna ya kupunguza mwendo kabla ya kona. Mara mbili aliuomba usukani. Mara ya pili nilikuwa karibu naye, nikamwona akikaza midomo na kutoa mngurumo wa lori linalopanda mlima, mzito na wa chini, ukikatika kidogo kila alipobadilisha gia. Nimeishi naye maisha yangu yote na sikuwahi kuisikia sauti hiyo.

Kuna jambo ambalo tangu siku hiyo silisahau. Mzee wa Uingereza wa rika la Babu akiikumbuka gari ndogo ya chuma ya Matchbox, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1953, anaweza kuipata mnadani ikiwa ndani ya kisanduku chake. Mzee wa Marekani akimkumbuka dubu wake wa kitambaa, yule aliyepewa jina la utani la Rais Theodore Roosevelt baada ya kisa cha uwindaji cha mwaka 1902, humkuta wa namna ileile dukani mpaka leo. Vitu vya kuchezea vya wazee wetu havikuwahi kuwa na duka wala bei. Waya ulikatika, maganda ya mgomba yalioza, mashimo ya bao yaliyochimbwa uani yalifukiwa na mvua, na hakuna kiwanda kilichohifadhi mfano wake. Mfano umebaki vidoleni mwa watu wenye umri wa miaka sabini na kuendelea. Kwa hiyo duka linalouza vitu hivi, pamoja na upungufu wake wote, ni mahali ambapo mzee anaweza kukutana tena na kitu alichodhani kimekwisha duniani, na ndiyo sababu ninataka vitengenezwe vizuri.

Mwanasesere ndiye ambaye siwezi kumpendekeza kwa mtoto. Amevaa gomesi ya kitenge, lile vazi refu la wanawake wa Uganda, na Bibi, aliyekulia karibu na Masaka katikati ya migomba, aliisifu sana gomesi hiyo: mabega yamesimama inavyotakiwa na mshipi umefungwa chini ya kiuno kama wanavyoufunga wanawake wenyewe. Baada ya hapo alimnusa. Alitarajia harufu ya byayi, yale maganda makavu ya shina la mgomba, akakuta harufu ya vanishi. Alijaribu kumpinda, naye hakupindika, kwa kuwa ndani yake mna waya mgumu unaomfanya asimame. Bibi alimzungushia leso ili ambebe mgongoni, na kila alipofunga fundo mwanasesere alichomoka na kuanguka.

“Mtoto asiyebebeka wa nini?” akauliza, na hakuwa anatania.

Alitoka nyuma ya nyumba, akabandua maganda matatu kwenye mgomba uliokwisha kuzaa, akayanyunyizia maji ili yasipasuke, akaanza kukunja. Nilitazama vidole vyake. Ganda la kwanza alilifinyanga likawa kichwa cha mviringo. La pili alilipitisha juu ya kichwa na kulikaza shingoni kwa uzi alioupasua kwa ukucha kutoka kwenye ganda hilohilo. La tatu lilikuwa mikono, limepitishwa katikati ya kiwiliwili, laini kiasi cha kuweza kukumbatia. Nyuzi zilizobaki juu ya kichwa alizisuka mistari miwili. Haikuisha nusu saa. Mwanasesere huyo ndiye anayechezewa sasa, na yule wa shilingi 20,000 amesimama kabatini na gomesi yake. Usiku, wakati wa taarifa ya habari, nilimwona Bibi amempakata yule aliyemtengeneza, akimpigapiga mgongoni taratibu huku macho yake yakiwa kwenye redio.

Bao la omweso ndilo lililoniridhisha zaidi. Msomaji aliyezoea bao la pwani atalitambua mara moja: mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo Waganda huziita empiki, kila mchezaji akimiliki mashimo 16 na kete 32. Halina shimo la pekee liitwalo nyumba, kama la bao la pwani. Mchezaji anapozipanda kete, yaani kuziangusha moja moja shimo kwa shimo, ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete katika safu yake ya ndani, na mashimo yote mawili ya mpinzani yanayolikabili yakiwa na kete, mchezaji huzila zote na kuzipanda upya kuanzia pale alipoanzia. Ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Anayebaki bila shimo lenye angalau kete mbili ameshindwa. Mwanangu aliielewa kanuni hiyo kwa siku tatu, na hesabu yake ya kujumlisha imeimarika kuliko ilivyoimarishwa na daftari lolote.

Ubao wenyewe ni mzito na hauhamihami mezani. Kipimo cha Babu ni kuingiza vidole vitatu shimoni na kuzikwapua kete zote kwa mara moja bila kubakiza hata moja, na mashimo yote 32 yalikipita kipimo hicho. Bawaba za katikati ni imara, ingawa kete nyembamba huweza kunasa kwenye ufa wa mkunjo, hivyo inafaa kuweka kitambaa chini yake. Kasoro iliyotuudhi ilikuwa idadi. Babu hamwamini muuzaji yeyote wa kete, kwa hiyo alizihesabu nne nne kabla ya kuketi, akakuta 61, na jioni ya kwanza tulicheza na punje tatu za mahindi kujazia upungufu. Mnunuzi na azihesabu palepale dukani.

Niliporudi Kampala baada ya majuma mawili nilimweleza muuzaji habari hiyo, naye alinipa kete tano badala ya tatu bila mabishano. Nilikuwa nimelibeba gari pia, nikaliweka sakafuni na kulizungusha kati ya vikapu. Alilitazama linavyokata kona, akauliza ni nani aliyelirekebisha, kisha akachuchumaa na kuipiga picha ile kulabu kwenye ekseli ili amwonyeshe fundi wake. Bei zake hazina mjadala mrefu, malipo ya simu yanapokelewa, na stakabadhi hutolewa ukiiomba. Mwenye mzee nyumbani ningemshauri anunue bao bila kusita, anunue gari ikiwa kuna mtu wa kulishughulikia, na amwache mwanasesere mpaka atengenezwe bila waya ndani.

Nilimuuliza Babu kama anataka nimletee gari la pili, labda basi lenye paa la mizigo, nililoliona pale kwenye rafu. Alikataa. Ameniagiza waya mtupu usio na rangi, mita kumi, wa unene wa kalamu ya risasi.